Hina ya Mjane wa Iftin

Damaris Kavindu hakuwahi kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Sufuria zake zote zilinunuliwa na mtu aliyeamini kwamba wageni wako njiani, na mtu huyo, Musyimi, mumewe, alikuwa amelala chini ya udongo wa Mwingi. Basi kila jioni, katika vyumba vyake viwili vya kupanga mtaani Iftin, mjini Garissa, alisonga ugali wa watu wawili, akala wa nusu mtu, na uliobaki akaufunika kwa sahani kama vile kuna anayechelewa kutoka kazini. Asubuhi aliwamwagia mbuzi wa mwenye nyumba. Mbuzi wale walinenepa kwa msiba wake.

Musyimi alikuwa fundi wa pampu za visima. Pampu ikinyamaza Hulugho na ngamia wamepanga foleni, ni yeye aliyepigiwa simu. Ikinyamaza Banissa, ni yeye vilevile, ingawa Banissa ni safari ya kumfanya mtu aandike wosia. Aliondoka na mfuko wa spana, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, na neno lake la kwanza mlangoni lilikuwa kuuliza kama kuna chakula au kama alioa cherehani. Maana Damaris ni fundi wa kushona, ana kibanda chake hapo hapo Iftin, na akishakaa kwenye mashine husahau hata jina la kwao. Kisha figo za Musyimi zikaanza kusumbua, wakahangaika hospitali hii na ile, na mwisho wa mahangaiko ukawa ule unaojulikana.

Baada ya mazishi mashemeji walimwonyesha chumba, wakamwambia yeye ni wa boma lile, akae, asiwe na wasiwasi. Aliwashukuru, akakaa siku chache za heshima, akapanda basi la kurudi. Watu walishangaa. Mwanamke Mkamba, Mkristo, tena mjane, arudi kwenye joto lile kwa nani? Alijibu kwamba cherehani yake iko huko. Hakusema la ndani, kwamba kule Mwingi Musyimi alikuwa kaburi tu, lakini Garissa kulikuwa na komeo alilolipigilia yeye mwenyewe, likakaa upande, na kila jioni Damaris alilisukuma kwa bega kama alivyomfundisha.

Mwenye nyumba wake aliitwa Abshiro, mjane pia, Msomali wa Garissa tangu babu na babu, mwenye mbuzi, vyumba vya kupangisha na maoni juu ya kila kitu. Mumewe Ogle, aliyekuwa dalali wa ng'ombe, alikuwa ameshafariki zamani. Siku Damaris aliporudi, Abshiro alibisha hodi na birika la chai ya maziwa ya ngamia, akaketi mkekani bila kuambiwa.

"Bole sana, abaayo," alimwambia, maana alimwita dada tangu siku ya kwanza ya kodi, na kinywani mwake p hutoka b na v hutoka f. "Mungu amechukua mali yake. Sasa wewe unakaa msiba siku ngabi?"

"Sijui," alisema Damaris.

"Hujui namna gani? Sisi tunakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Nguo nyeube, hakuna manukato, hakuna hina, hakuna dhahabu. Ikiisha, imeisha. Mtu anaoga, anafaa nguo mbya, anarudi kwa watu. Akitaka mume, anaolewa. Nyinyi Wakristo, yenu iko ngabi?"

Damaris alifikiri. Alikuwa amebatizwa, amefunga ndoa mbele ya madhabahu, amefundisha watoto Jumapili hadi sauti ikamkauka, na bado hakuna aliyewahi kumwambia msiba wa mjane Mkristo unaisha lini. Kanisani waliimba, wakaomba, wakaleta unga na sukari, wakasema Mungu atakufariji, wakaenda zao. Kwao wengine walisema mwaka, wengine hadi ibada ya ukumbusho, wengine hawakusema kitu ila walimtazama nguo.

"Kwetu hakuna siku," alisema mwishowe. "Ni moyo wa mtu."

Abshiro alimtazama kama mtu anayeonyeshwa nyumba iliyojengwa bila mlango. "Hiyo mbaya," akasema, na akammiminia chai ya pili.

Kwa kusema kweli, Damaris naye aliona ni mbaya, ila huwezi kumwambia jirani Mwislamu kwamba katika jambo hili amekushinda. Alijipa moyo kwamba kanisani atapata watu wa kumshika mkono. Lakini kanisa la Garissa halizeeki, linahama. Waumini wake ni polisi, walimu, wauguzi na makarani. Mtu akishazoea joto, uhamisho unamfikia, anapewa soda na wimbo wa kwaheri, na Jumapili ifuatayo kiti chake kina mgeni. Mchungaji aliyemzika Musyimi alihamishwa hata kabla udongo haujakauka. Aliyekuja, Mchungaji Nyamweya, alikuwa kijana mwema mwenye sauti nzuri, na alimwita Musyimi "marehemu mumeo", kwa kuwa hakujua la kusema zaidi. Kwaya ilikuwa mpya. Hata askari waliopekua mikoba langoni walikuwa wapya.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, Damaris alikuwa akielekea kiti chake cha siku zote, kiti cha pembeni alichokalia na Musyimi, Mama Loice akamshika kiwiko. Mama Loice ni mke wa inspekta na mwenyekiti wa kina mama, mtu wa huruma nyingi na masikio machache. Alimwongoza taratibu hadi benchi la ukutani, chini ya feni isiyozunguka, walipokaa wajane wawili vikongwe, mmoja wao hasikii. "Hapa ndipo pako sasa, mpenzi," alimnong'oneza. Damaris alikaa. Alikuwa hajafika miaka hamsini, meno yake yote yako kinywani, na pale benchini alijiona ameshavuka mto na kuachwa ng'ambo.

Mtu mmoja aliona jinsi alivyokaa. Huyo alikuwa Yona Komora, mzee wa kanisa, Mpokomo mwenye shamba la ndizi ukingoni mwa Tana, upande wa Madogo ukivuka daraja. Alikuwa mgane kwa miaka mingi, watoto wamekua na kutawanyika, na kazi yake kanisani ilikuwa kupitisha kikapu cha sadaka na kuzima jenereta. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ya kweli.

Siku moja alifika kibandani kwa Damaris na kitambaa cha meza ya Bwana kilichofumuka upindo. Alikiweka mezani, akatazama mapazia, akatazama sare za shule, akatazama dari. Damaris alimwambia kitambaa kitakuwa tayari Ijumaa. Hakuondoka.

"Mama Mumbua," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "mimi sijui kupamba maneno. Nataka kuoa. Ningependa iwe wewe, kama moyo wako utakubali, na Mchungaji akijua. Sitaki jambo la gizani."

Cherehani ilisimama yenyewe. Damaris alitazama sindano kwa muda. "Mzee Komora, mimi bado niko msibani."

"Najua. Utaisha lini?"

Hakuuliza kwa haraka wala kwa ubishi. Aliuliza kama mtu ambaye naye hajui, na ambaye angefurahi kuambiwa. Damaris alikivuta kitambaa, akaanza kuutafuta upindo uliofumuka.

"Basi ukiisha, utaniambia," alisema Komora. "Nitangoja. Ndizi zimenizoesha." Akavaa kofia, akaenda.

Tangu siku hiyo upweke wa Damaris ukawa mbaya zaidi, jambo ambalo hakulitegemea. Mtu asiye na njia hulala. Mwenye njia asiyethubutu kuipita ndiye hukesha. Jioni alisonga ugali wake wa watu wawili na kujiuliza ni nani sasa huyo wa pili. Akijiona ameanza kumfikiria Komora, alisukuma sahani. Akijiona amemfikiria Musyimi peke yake tangu asubuhi, vilevile alisukuma sahani. Alitamani sana mtu amwambie tu, kwa siku na tarehe, kama Abshiro alivyoambiwa.

Kumbe Abshiro alikuwa anamhesabia. Jirani mwema ni kitu kizuri, ila hakuna awezaye kumzuia akishaamua kukusaidia. Miezi minne na siku kumi ilipotimia, alifika na wanawake wawili wa mtaani, Sadiyo na Bilan, na chetezo, na hina iliyokwisha kukandwa, na dera jipya la rangi ya machungwa, na sahani ya halua. Damaris alikuwa anakunja nguo.

"Kaa chini," alisema Abshiro. "Leo umemaliza."

"Nimemaliza nini?"

"Msiba. Mimi nimehesabu. Kama watu yako hawajui kuhesabu, sisi tunajua."

Damaris angeweza kukataa. Alikuwa na maneno yote tayari: kwamba yeye ni Mkristo, kwamba eda si yake, kwamba watu watasema. Lakini Bilan alikuwa ameshamshika mkono, akamkunjua kiganja, akaanza kuchora maua toka kwenye kifundo, na Damaris akagundua kwamba tangu waombolezaji walipotawanyika kule Mwingi hakuna binadamu aliyekuwa amemgusa kiganja isipokuwa kumpa chenji. Alimwachia mkono. Walimpaka mikono na nyayo, wakamtia hina kucha zote, wakamfukiza uunsi, ule ubani wao mtamu unaoingia hadi kwenye mshono wa nguo, wakamlisha halua kwa vidole vyao kwa kuwa vyake vilikuwa vimelowa. Abshiro alimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyolia siku ya kumaliza eda ya Ogle, kwa kuogopa kwamba sasa ataruhusiwa kucheka. Damaris alilia pia, akacheka, machozi yakamwingia mdomoni pamoja na halua. Ilikuwa siku yake nzuri ya kwanza.

Jumapili ikafika. Alivaa mikono mirefu, lakini mkono wa nguo huishia pale kiganja kinapoanza. Langoni askari alifungua mkoba wake, pua ikampanda. "Mama, leo kuna harusi?" alimtania. Damaris alitabasamu tu asijibu, na hilo likawa kosa, maana tabasamu la mjane lina wafasiri wengi.

Wasichana wa kwaya hupaka hina kila Krismasi, wala hakuna anayewakemea. Ni urembo wa mji. Lakini hina nyeusi, iliyokolea, kwa mjane wa juzi, tena akinukia uunsi kama chumba cha bibi arusi, hiyo kwa Wakristo wa Garissa ina maana moja. Wanaoishi wachache kati ya wengi huogopa jambo moja kuliko mengine, kwamba mwenzao atavuka upande wa pili kimya kimya. Kufikia wimbo wa tatu Damaris alikuwa ameshaolewa na kaka yake Abshiro. Kufikia mahubiri alikuwa ameshasilimu, na jina jipya ameshapewa. Lisemwalo lipo, walinong'onezana, na waliosema hivyo ndio waliokuwa wakilisema.

Kikapu cha sadaka kilifika benchi la ukutani. Damaris alinyoosha mkono na noti yake. Komora aliuona ule mkono, maua hadi kwenye kifundo, kucha zilizokolea. Hakuinua macho. Kikapu kilisimama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha kikampita kikaenda kwa yule kikongwe asiyesikia. Baada ya ibada Damaris alimtafuta kwa macho kwenye jenereta. Jenereta ilikuwa imezimwa, na Komora ameshavuka daraja.

Siku iliyofuata Mumbua alipiga simu toka Nairobi. Habari ilikuwa imepanda mitandaoni na kufika kabla ya basi.

"Mama, ni kweli umeolewa na Msomali?"

"Sijaolewa na mtu yeyote. Jirani alinipaka hina."

Mumbua alishusha pumzi ndefu. Damaris, kwa kuona binti ametulia, akajaribu maji kwa kidole. "Na kama ningeolewa? Na mtu wa kanisani kwetu?"

"Baba hajamaliza hata mwaka, Mama," alisema Mumbua. Halafu wakazungumza habari ya bei ya vitu.

Katikati ya wiki Mchungaji Nyamweya alimwita ofisini, chumba kidogo chenye vitabu vya nyimbo na ndoo ya rangi. Mama Loice alikuwa ameketi tayari, mkoba mapajani. Mchungaji alikohoa. Alisema kanisa linampenda. Alisema Neno liko wazi: mume akifa, mke yu huru, anaweza kuolewa na amtakaye, ila awe mtu wa imani yake. Alikuwa anayasema hayo akiitazama mikono ya Damaris kwa huzuni ya kweli kabisa.

Damaris alimwacha amalize. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya benchi la wajane, "Mchungaji, hakuna aliyenioa. Abshiro alihesabu siku za eda kwa ajili yangu, kwa kuwa nyinyi hamkunihesabia hata moja. Akanipaka hina ili nijue kwamba msiba umeisha. Hapa kanisani mmenionyesha benchi."

Mchungaji alikuwa kijana, lakini hakuwa mjinga. Uso ulimwiva. Aliomba msamaha pale pale, bila kuzungusha, na tangu hapo Damaris alimpenda. Ila Mama Loice alikuwa hajamaliza.

"Mimi nashukuru kama si kweli," alisema. "Lakini Dada Damaris, mjane wa kweli humtumaini Mungu. Yupo yule nabii Ana wa hekaluni, aliyekaa na mume miaka michache tu, akabaki mjane hadi uzeeni, akifunga na kuomba. Kuwa mke wa mume mmoja ni taji."

"Ni taji, kama mtu amepewa," alisema Mchungaji. "Na Ruthu je? Aliolewa tena, na Mfalme Daudi akatoka humo. Paulo mwenyewe aliona heri kubaki, ila akawaambia wajane wasioweza kujizuia waolewe, tena akawasihi wale vijana waolewe wawe na nyumba. Hakuna dhambi upande wowote, Mama Loice. Tusitie kufuli mahali Bwana ameacha wazi."

Waliendelea hivyo kwa muda, huyu na Ana, huyu na Ruthu, na Damaris akawa katikati kama mpangaji anayesikiliza wenye nyumba wakigombania chumba chake. Mwishowe aliuliza swali alilokuwa nalo tangu siku ya kitambaa.

"Nikiolewa tena, kule mbinguni nitakuwa wa nani?"

"Kule hawaoi wala hawaolewi," alisema Mchungaji kwa upole. "Bwana aliulizwa hilo hilo, habari ya mwanamke aliyeolewa na ndugu saba. Hutagombaniwa."

Alidhani amemfariji. Damaris aliinamisha kichwa, akaaga, akatoka juani. Barabarani korongo wakubwa wa Garissa walikuwa wamesimama juu ya taka, na yeye alitembea katikati yao akilia waziwazi. Uhuru alikuwa ameshaupata. Maandiko yalikuwa upande wake, Mchungaji alikuwa upande wake. Kumbe hofu yake haikuwa dhambi. Hofu yake ilikuwa kwamba katika mji huu mzima hakuna aliyesema jina la Musyimi ila yeye, na akiingia nyumba ya mwanamume mwingine, adabu itamtaka anyamaze. Mtu aliyetoa maji Hulugho na Banissa atakuwa amekufa mara ya pili, na safari hii mwuaji atakuwa yeye.

Mchungaji alitangaza Jumapili kwamba kulikuwa na uvumi wa uongo juu ya dada mmoja. Wote waligeuka kumtazama dada mmoja. Uvumi ulikufa, lakini joto lake lilibaki. Wanawake wa kanisani walipeleka nguo kwa fundi mwingine kwa sababu ya aibu, si ya chuki, na matokeo ni yale yale. Komora alipitisha kikapu bila kuinua macho. Hina ilipauka mikononi, maua yakawa madoa, madoa yakaisha. Kwenye kucha ilibaki, maana kucha hazina haraka. Abshiro aliuliza mara moja tu, "Yule mtu wa ndizi hajakuja?" Damaris alizidi kukanyaga cherehani, naye hakurudia.

Damaris alingoja Komora aje mwenyewe. Kisha akajicheka, maana ni yeye aliyeambiwa aseme msiba ukiisha. Alikunja kitambaa cha meza ya Bwana, kilichokuwa kimekaa kibandani tangu zamani kikingoja mwenyewe, akachukua bajaji hadi daraja, akavuka kwa miguu, akashuka kwenye njia ya mashamba mchana kweupe, aonekane na kila mtu.

Alimkuta Komora ukingoni amechuchumaa kando ya pampu yake, akiyaelekeza maji ya matope kwenye mifereji ya migomba. Alisimama alipomwona, akatafuta kofia iliyokuwa kichwani.

"Sikuolewa," alisema Damaris.

"Najua. Mchungaji aliniambia."

"Na bado hukuja."

Komora alitazama miguu yake. "Niliona haya. Nilikwambia nitangoja, na siku ya kwanza ya kujaribiwa nikaamini walichoamini wote. Nikasema mtu kama mimi ana sura gani ya kurudi?"

Hilo lilimgusa Damaris kuliko maua ya maneno. Alikaa juu ya gogo, kitambaa mapajani. Alisema msiba wake haujaisha wala hauonekani kuwa na nia ya kuisha, ila amechoka kuukalia peke yake. Akamweleza habari ya jina. Alisema kuolewa haogopi, anaogopa kunyamaza. "Kanisani hakuna anayemjua," alisema. "Mchungaji ananiambia marehemu mumeo. Ningekuwa nimebuni mtu, hakuna ambaye angenibishia."

Komora aliweka mkono juu ya pampu.

"Hii aliifunga Musyimi," alisema.

Damaris aligeuka kuitazama pampu.

"Kile kiangazi kikali. Alifika na mfuko wake, akakataa chakula mpaka maji yatoke. Yalipotoka alikaa hapo hapo ulipokaa. Aliniambia akiwa mbali, Banissa huko, usingizi humpotea, mpaka ajifanye anasikia cherehani ya mke wake chumba cha pili. Ndipo analala." Komora alipangusa mkono kwenye suruali. "Sikutaka kukwambia siku ile nilipoleta kitambaa. Niliona ungedhani namtumia marehemu kukuposa."

Damaris hakujua habari hiyo. Miaka yote ya ndoa, na mzaha ule wote juu ya cherehani, hakuwahi kumwambia. Alijifunika uso kwa kitambaa cha meza ya Bwana, Mungu amsamehe, akalia mpaka kikalowa, na Komora hakumwambia anyamaze. Mumewe alikuwa amempa neno jipya, na limetoka kinywani mwa mtu huyu.

Alipoweza kusema, alisema, "Nitakubali. Ila nyumbani mwako Musyimi atatajwa. Mezani, mbele za watu, siku yoyote nitakapotaka."

"Atatajwa," alisema Komora. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kikubwa, "Na Eunike?"

"Eunike ni nani?"

"Mke wangu."

Damaris aliona haya hadi kwenye nyayo. Miezi yote ile ya kulalamika kwamba hakuna anayemjua wake, hakuwahi hata kuuliza jina la mke wa huyu. "Na Eunike," alisema. "Tena tuanze naye. Niambie, alikuwa mtu wa namna gani?"

Komora aliizima pampu ili asikike. Alikaa chini, akavua kofia. Tangu amzike hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, na sasa alipoulizwa hakujua aanzie wapi.